Pale Kengele Inapokufa

Nyanya yangu hakuwahi kukubali kwamba parishi yetu inaishia kijitoni. Alisema inaishia pale kengele inapokufa. Nilimsikia akisema hivyo nikiwa mtoto, kwa sauti ya mtu anayesema mvua hutoka juu. Miaka mingi baadaye, watu wa kanisa walipomjia na ramani kumwambia vingine, alisema vilevile, akiwa juu ya kigoda chake, akichambua maharagwe, bila kuinua macho.

Kabla sijafika kwa watu hao na ramani yao, niseme kijiji chetu kiko wapi. Ukitoka Voi asubuhi unakiacha kituo cha reli na joto lake, unapita mashamba ya mkonge karibu na Mwatate, kisha barabara inaanza kupinda na kupanda, na masikio yanaziba. Hewa hubadilika kabla hujaona chochote. Unanusa mikaratusi, moshi wa kuni mbichi, udongo uliolowa. Lami inakwisha, na baada ya lami kuna kona moja ambayo kila dereva hupiga honi hata kama hakuna mtu. Baada ya kona hiyo ndio sisi.

Kijiji kimekaa kwenye bega la mlima. Mashamba yamekatwa kama ngazi, na nyumba zimeshikilia ngazi hizo kwa namna ambayo mgeni huogopa kuegemea ukuta. Chini kabisa nyika ya Tsavo imetandazwa, nyekundu wakati wa kiangazi, kijani wakati wa mvua. Siku ya uwazi mkubwa Kilimanjaro hutokea upande wa Taveta kama bakuli jeupe lililofudikizwa mezani. Siku nyingi hauonekani, na hatuulizi umeenda wapi.

Karibu kila familia ina mashamba mawili, moja juu na moja chini. La juu ni la mboga, ndizi na maharagwe. La chini, kule kwenye joto, ni la mahindi na kunde, na ndovu huja kuonja kabla ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu wetu wamezoea kuishi katika hali mbili za hewa. Mtu anaweza kuamka na sweta, akala chakula cha mchana akitiririka jasho, na jioni akavaa sweta tena. Mimi nimelelewa juu, kwa Nyanya, kwa kuwa wazazi wangu walifanya kazi Voi na chumba chao kule kilikuwa kimoja. Nikiwa naandika haya niko Voi mwenyewe, nimepanga nyumba karibu na barabara kuu, malori yanapita, na ninachokikumbuka zaidi kuhusu kijiji si kitu nilichokiona. Ni sauti ya chuma.

Kengele ya kanisa letu ni kipande cha reli. Kimening'inizwa kwa mnyororo kati ya nguzo mbili, kando ya mlango, na hupigwa kwa boliti kubwa iliyochakaa upande mmoja. Namna kilivyofika huko juu ni historia yenye matoleo mengi. Wapo wanaosema wanaume wetu waliofanya kazi ya reli walipewa kama zawadi, wakakibeba mabegani kwa zamu, wakilala njiani. Wapo wanaosema hakuna aliyewapa. Kijiji cha pili yake, kile cha upande wa jua, kinasisitiza kwamba kipande kilikuwa chao na kwamba wabebaji walichoka wakapumzika kwetu, wakapewa pombe ya miwa, na waliposimama hawakukumbuka walikuwa wanakwenda wapi. Kwetu hadithi hiyo huitwa uongo, lakini huitwa hivyo kwa tabasamu.

Kanisa lenyewe ni la mawe. Mawe yalibebwa vichwani na akina mama kutoka kijitoni, ingawa ukisoma jiwe la msingi utadhani askofu alilijenga peke yake. Wakati huo hapakuwa na ramani. Wazee wa kanisa waliotangulia walikuwa na kanuni moja tu ya kujua nani ni wetu na nani ni wa kanisa jingine: anayesikia kengele ni wa kengele. Nyumba zilizoisikia zilileta kuni, zililimiwa zikiugua, zilizikiwa. Nyumba isiyoisikia ilikuwa na kengele yake mahali pengine, na haikulaumiwa.

Nyumba ya Nyanya ilikuwa ya mwisho. Iko ng'ambo ya kijito, juu ya kilima cha pili, na nyuma yake kuna miamba tu na upepo. Jumapili, kengele ya kwanza ilipolia, aliepua sufuria. Ya pili ilipolia alifunga kilemba chake cheupe mbele ya kioo kilichopasuka. Ya tatu ilitakiwa itukute tumeshavuka. Viatu tulivibeba kwenye mfuko. Tulishuka pekupeku, tukanawa miguu kijitoni, tukaikausha kwa majani, na kuvaa viatu upande wa kanisa. Hakuna aliyewahi kuvivaa upande wa kwetu. Nilidhani ni amri ya dini.

Aliyeipiga kengele, tangu nipate akili, ni mama mmoja mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko umbo lake, rafiki ya Nyanya. Waliolewa kijijini msimu mmoja, huyu upande huu wa kijito, yule upande ule. Kanisani walikaa benchi moja, la karibu na ukuta, ambapo baridi hupenya. Walikuwa marafiki wa aina ya kutoongea. Nimewaona wakimenya viazi vya harusi nzima bila kubadilishana zaidi ya kisu.

Kisha watu wakaongezeka, jambo ambalo si baya. Nyuma ya miamba, upande ambao zamani ulikuwa malisho, nyumba zilijaa. Mwaka juzi wakajenga kanisa lao la mabati, lenye viti vya plastiki na kipaza sauti, na ikaamuliwa parishi igawanywe. Kila mgawanyo unahitaji mstari. Kamati ikatazama milima yetu, ikaona kijito, ikafurahi.

Siku walipokuja kumweleza Nyanya nilikuwa nimepanda kumtembelea. Walikuwa wawili. Wa kwanza ni kasisi wa kanisa jipya, kijana mpole aliyetoka mbali, viatu vyake vimejaa tope na yeye amejaa heshima. Wa pili ni mwenyekiti wa kamati, mwalimu mstaafu, binamu wa marehemu babu yangu, kwa hivyo shemeji wa Nyanya, na uhusiano huo una ruhusa zake. Alikuwa na karatasi ya manila iliyokunjwa kwapani.

"Shemeji, tumekuletea kanisa mlangoni," mwalimu alisema. "Magoti yako yatatushukuru."

"Magoti yangu hayajalalamika kwako."

Kasisi akaikunjua manila juu ya mkeka. Alikuwa amechora vizuri, nyumba kama visanduku, kijito kwa rangi ya samawati. "Mama, ukiangalia hapa, mpaka huu ni wa asili kabisa. Ni kama Mungu mwenyewe aliuchora."

Nyanya akaitazama samawati ile. "Kijito hicho hukauka Februari," akasema. "Mwezi huo nitakuwa wa kanisa gani?"

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kasisi naye alijaribu kucheka, lakini alikuwa hajajua bado kama anaruhusiwa.

Hapo ndipo Nyanya alipowakumbusha kanuni ya kengele. Hakuipamba. Alisema babu zao walikubaliana hivyo, na kwamba hakuna mtu aliyemwambia imefutwa. Mwalimu angeweza kuipuuza. Lakini alikuwa mtu wa kule kule, na nilimwona akijikuna shingo. "Ni kweli, baba aliisema," akamwambia kasisi. "Tena aliisema akiwa mzee wa kanisa."

"Basi tusikilize," kasisi akasema. "Kama inasikika hapa, mama abaki. Kama haisikiki, mstari ubaki."

Majirani wawili wa Nyanya, walio upande huohuo wa kijito, walikuwa wameshakubali kuhama na wala hawakuona sababu ya kelele. Nyumba moja tu ndiyo ilikuwa na kesi.

Wakapanga Jumamosi. Na hapa walikosea, kosa ambalo hata mtoto wa kwetu angewaonya: walichagua siku ya jua. Milimani kwetu jua hunywa sauti. Siku ya jua kali chuma kile hupigwa na mlio wake hupaa moja kwa moja, ukaenda zake kuelekea Mwatate, na aliye kilima cha pili asisikie kitu. Ukungu ndio huibeba sauti, huitandika chini kama blanketi na kuifikisha milangoni. Tuliwahi kuisikia kengele ya kijiji cha upande wa jua ikiwa karibu kiasi cha kuitikia. Kasisi hakujua haya. Mwalimu alijua, lakini miaka ya shuleni ilikuwa imemzoeza kuamini ratiba.

Jumamosi ile Kilimanjaro ulionekana mzima. Tulisimama uani. Saa waliyoagana na mpiga kengele ikafika. Tukasikia jogoo, msumeno wa mashine bondeni, bodaboda ikilia kwenye mteremko. Tukasikia mwalimu akipumua. Basi.

"Jua limekunywa," Nyanya akasema, akaenda kutia majani kwenye chai. "Rudini siku ya ukungu."

"Shemeji, unatuchezesha."

"Umekula viazi vyangu vitatu. Nani anamchezesha nani?"

Mara ya pili kulikuwa na mawingu lakini pia upepo. Tulisikiliza muda mrefu. Ghafla kasisi akainua kidole, uso wake ukang'aa kwa furaha ya mtu aliyetamani kutenda haki bila kumuumiza mtu. "Hiyo," akasema. "Ile si ndiyo?"

Tok, tok, tok, kwa mbali. Mwalimu akamgeukia Nyanya, na katika macho yake niliona kwamba alikuwa tayari kuikubali, chochote kilichokuwa. Angeitika tu, mambo yangekwisha.

"Hapana," Nyanya akasema. "Ni jirani anagonga jembe lake."

Akawapa chai wakaondoka. Nilimfuata jikoni nikiwa nimekasirika kwa niaba yake. Nikamwambia angeweza kunyamaza. Nikamwambia pia lile ambalo wote tulilifikiri, kwamba kanisa jipya liko karibu, njia yake ni tambarare, na kwamba kasisi ni kijana mzuri. Alikuwa akikoroga kimanga, mwiko wake ukipigana na mihogo na maharagwe.

"Kule watanipa kiti cha mbele," akasema. "Watasema, mama mzee, njoo ukae hapa. Watanipa na soda. Nitakuwa mgeni wa heshima mpaka nife." Akapunguza moto. "Mtu akishazeeka, mahali ambapo hakuna anayemshughulikia ni pachache."

Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu watu kutafuta mahali pa kuonekana. Sikuwa nimewaza kwamba mtu anaweza kupigania benchi ambapo haonekani, karibu na ukuta baridi, pamoja na mtu asiyeongea.

Ukungu haukuja kwa kamati. Ulikuja Alhamisi moja ya mwezi wa saba, siku isiyopangiwa kitu, nami nilikuwa juu kwa likizo. Tuliamka tukakuta mlango umefunguka kwenye pamba. Mgomba ulio hatua chache kutoka jikoni ulikuwa umekwenda. Nyanya alisimama kizingitini, akanusa, akaniambia, "Mpigie shemeji. Mwambie umefika."

Mwalimu hakuuliza nini kimefika. Kasisi alipigiwa na mwalimu. Tatizo lilikuwa mpiga kengele. Simu yake ilikuwa ikiishi kwenye kabati pamoja na vikombe vya wageni, na hupokewa Krismasi. Nilisema nikimbie nimwambie. Nyanya akanizuia.

"Atapiga."

"Leo ni Alhamisi, Nyanya."

"Yeye pia ana dirisha."

Wakafika, mwalimu amejifunga shali ya mkewe, kasisi amelowa nywele. Tukaketi uani kwenye viti vya mbao. Hatukuonana vizuri. Kila mmoja alikuwa kivuli chenye kikombe. Mwalimu alianza hadithi ya mwanafunzi wake aliyepotea katika ukungu akaingia nyumba ya mwalimu mkuu akidhani ni kwao, akala, akalala. Hakuimaliza.

Ililia kana kwamba imefungwa kwenye mgomba ule usioonekana. Sijui kuandika sauti ile ipasavyo. Si kengele tamu. Ni chuma kikavu, chenye mkwaruzo mwanzoni, halafu mlio mrefu unaotetemeka, na ukungu uliubeba mlio huo bila kumwaga tone. Niliusikia kwa mbavu. Nilikuwa na umri wa miaka saba tena, viatu mfukoni. Nilimtazama kasisi. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayeombewa.

Ikapigwa kama Jumapili, kwa mafungu, kisha ikanyamaza. Mwalimu akaweka kikombe chini, akasimama, akajikohoza ili atoe uamuzi.

Hapo ikalia tena, mara moja tu. Pigo moja, peke yake, taratibu kuliko mengine.

"Amesahau hesabu?" kasisi akauliza.

"Hajasahau," Nyanya akasema. "Hilo si la kanisa. Hilo ni langu."

Hakutaka kueleza, na ilibidi shemeji yake amsumbue. Babu alipofariki, alisema, alikaa ndani siku nyingi. Hakukwenda kanisani, hakukwenda shambani. Watu walikuja, wakaomba, wakaondoka. Rafiki yake alikuja mara moja, akakaa kimya, akaenda. Jumapili iliyofuata, baada ya kengele kwisha, akasikia pigo moja la ziada. Na Jumapili nyingine. Akaelewa. Maana yake ilikuwa tu kwamba nafasi yako ipo, sijaketi katikati ya benchi. Jumapili ya tatu akatoka. Na pigo halikukoma, ingawa hawakuwahi kulizungumza, hata siku moja.

Mimi nililelewa chini ya kengele hiyo. Nilidhani kengele zote duniani humalizika hivyo, kwa kituo na kisha pigo moja. Nilipoanza kuishi Voi nilisikia kengele ya kanisa lililo karibu na sokoni ikikatika ghafla, nikabaki nikisubiri, kama mtu aliyeachiwa sentensi nusu. Sikujua nasubiri nini.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa shali, ukungu ukailowesha upya, akaiacha. Akaomba kalamu. Nilimpa. Akaikunjua manila juu ya goti lake, akaufuata mstari wa kijito kwa kidole mpaka mahali petu, kisha akaupandisha mstari kilimani, akauzungusha nyuma ya nyumba ya Nyanya, nyuma ya zizi la mbuzi, akaurudisha kijitoni. Parishi ya zamani ikaota kitambi.

Kasisi akaangalia. "Na majirani wawili? Wako hapo hapo. Hata wao wameisikia leo."

"Wameisikia," mwalimu akasema. "Lakini hakuna aliyewapigia."

Kasisi akafikiri, kisha akasema kitu kilichonifanya nimpende. Alimuuliza Nyanya kama angekubali kuja kwao siku za katikati ya wiki, awafundishe akina mama nyimbo za zamani, bila kiti cha mbele. Nyanya akasema ataangalia. Ameshakwenda mara nyingi tangu hapo. Anasema viti vya plastiki vinateleza.

Jumapili ile sikurudi Voi mapema. Nilishuka naye. Ukungu ulikuwa umeinuka kidogo, umebaki vipande vipande kwenye migomba. Kijitoni alinishika bega, akanawa mguu mmoja, kisha mwingine, akavaa viatu upande wa kanisa. Njia ya kupanda ilimchukua muda, naye alisimama mara kadhaa akisingizia kutazama maboga ya watu.

Rafiki yake alikuwa ameketi chini ya reli, boliti mapajani, watu wameshaingia. Alituangalia tukipanda mpaka tulipomfikia.

"Walikupima?" akauliza.

"Walinipima."

"Ukatosha?"

"Nimezidi kidogo."

Yule mama akatikisa kichwa kana kwamba alilijua hilo tangu walipoolewa. Akainuka kwa kushikilia nguzo, akaiweka boliti juu ya jiwe lake, nao wakaingia, wakajibana kwenye benchi la ukutani, na hawakusema neno jingine mpaka ibada ilipokwisha.